Mifuko Sitini ya Chokaa

Åshild aliligonga silo, lile pipa refu la bati la kuhifadhia unga wa chokaa, kwa nyundo, kisha akaweka sikio kwenye bati. Siku zote ukiligonga ungesikia unga ukiporomoka ndani taratibu, kama mchele unaomiminwa kwenye debe. Leo bati lilijibu kwa mlio mzito, mfupi, wa kitu kigumu. Akagonga juu zaidi. Ikawa vile vile. Maji yalikuwa yamepenya usiku, chokaa ikashikana kama saruji, na parafujo ndefu iliyokuwa ikiisukuma mpaka mtoni ilikuwa imekwama. Mota iliendelea kujitahidi peke yake gizani mpaka ikaungua. Harufu ya waya ulioungua ilikuwa imejaa kibanda kizima.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha juu ya theluji, na katika bonde lile hakuna mvua mbaya kuliko hiyo. Udongo wa milimani ulikuwa umekunywa moshi wa viwanda vya mbali kwa miaka mingi, na kila theluji ilipoyeyuka kwa mpigo, uchungu ule wa zamani ulishuka nayo. Kipimo kwenye ukuta wa kibanda kilisoma pH 4.7, na namba hiyo ikishuka asidi imepanda. Jana kilikuwa kimevuka sita.

Akatoka kutazama mto. Lauvåna ulikuwa umevimba, maji ya rangi ya chai yakipita kwa kasi na kubeba matawi. Samoni wadogo hawakuonekana, ila alijua wamo. Ilikuwa Mei. Walikuwa na urefu wa kiganja, wamekwisha kubadilika rangi kuwa ya fedha, wakiteremka kwenda baharini kwa mara ya kwanza, na hakuna wakati ambao samoni ni dhaifu kama huo. Asidi ingewashika kwenye mashavu, wangetapatapa wakitafuta pumzi ndani ya maji yao wenyewe kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mto wa kulalia.

Mto huu ulikuwa umekwisha kufa mara moja. Åshild alipoolewa bondeni, wazee walikuwa wakiwazungumzia samoni kama watu wanavyomzungumzia ndugu aliyehamia Amerika. Kisha chama cha mto kikajenga kile kibanda na silo, na Tarald, mumewe, akakabidhiwa mashine. Kwa miaka ishirini alilisha mto chokaa usiku na mchana kama mtu anavyomlisha mgonjwa uji. Samoni wakarudi. Kisha Novemba iliyopita Tarald akaanguka bafuni kwa kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikafa, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja.

Neno hilo lilikuwa "ndiyo."

Kwenye mkutano wa chama, katika ukumbi uliokuwa na harufu ya kahawa na keki zilizookwa kwenye chuma, ndipo Åshild aliposimama na kusema mashine ataisimamia yeye. Sigbjørn, mwenyekiti, alijikuna shingo. Gjermund, jirani wa Åshild upande wa chini wa mto, ambaye tangu zamani alisema kumwaga chokaa mtoni ni sawa na kutia sukari baharini, alicheka kidogo. Hawakujua kwa nini anaitaka kazi ile yenye ujira mdogo. Alikuwa amefua mashuka ya nyumba ya wazee maisha yake yote, hakuwa na haja ya kuanza kazi nyingine. Alichokitaka ni ule mngurumo. Dirisha la sebuleni lilitazama mtoni, na tangu Tarald alipopoteza maneno, mngurumo wa mashine ndio pekee uliomtuliza. Åshild akajifunza vitufe. Hakujifunza sababu za vitufe.

Sasa hapakuwa na mngurumo.

Alimpigia simu Sigbjørn, aliyekuwa mjini Kristiansand kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Nyuma yake zilisikika sahani na watu wakiimba. Sigbjørn alitoka nje ya ukumbi ili asikie vizuri, akauliza maswali mawili matatu. Alisema fundi hawezi kufika kabla ya Jumatatu asubuhi, tena ikiwa barabara ya chini haitafunikwa na maji. Ila kwenye banda kulikuwa na mifuko ya zamani, ya enzi walipokuwa wakimwaga chokaa ziwani kwa mashua. Sitini, kama panya hawajaigusa. Aimwage kwa mkono.

"Kiasi gani?" Åshild aliuliza.

"Hilo Tarald angejua."



"Piga hesabu, Åshild," alisema Sigbjørn. "Si ngumu. Unachukua asidi iliyomo, unatafuta chokaa inayotosha kuimaliza, halafu usisahau kwamba..."

Mtandao ukakatika. Alipiga tena, na tena, akapanda mpaka kwenye jiwe la juu alikozoea kupata mtandao, akanyoosha simu mvuani kama mtu anayeomba. Hakuna kitu. Dhoruba ilikuwa imeangusha mnara mahali fulani.

Nyumbani Tarald alikuwa dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini, macho mtoni. Hakuhitaji kuambiwa kwamba mashine imesimama. Åshild alimweleza hata hivyo, akivua koti linalochuruzika, na yeye akajibu ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu anayetaka kusema hapana.

Akakaa mezani na karatasi.

Kemia aliisoma akiwa msichana, katika chumba chenye harufu ya gesi, na kilichobaki kichwani mwake kilikuwa vipande tu. Moli. Neno hilo alilikumbuka kama mtu anavyokumbuka jina la mtoto aliyekaa naye dawati moja, bila kukumbuka sura. Lakini kibandani Tarald alikuwa amebandika jedwali, na Åshild alikuwa amelinakili mkononi kwa kalamu: pH ikiwa 4.7, kila lita milioni moja za mto zina moli ishirini za asidi. Kipimo cha mkondo kilisema lita elfu tano kwa sekunde. Kwa saa moja, basi, lita milioni kumi na nane. Mara ishirini. Moli mia tatu na sitini za asidi zilikuwa zikipita mbele ya nyumba yake kila saa.

Na moli moja ya chokaa ina uzito wa gramu mia moja. Hilo alilijua, kwa sababu Tarald alikuwa akilisifia: mia moja kamili, alisema, Mungu alikuwa na huruma siku aliyoumba chokaa. Moli mia tatu na sitini za asidi, moli mia tatu na sitini za chokaa. Kilo thelathini na sita. Na nusu ya unga huzama chini kabla haujayeyuka, hivyo Tarald siku zote aliongeza maradufu. Kilo sabini na mbili. Mfuko ni kilo ishirini na tano. Karibu mifuko mitatu kila saa.

Aliigawa sitini kwa tatu, akaona jibu, akaweka kalamu chini.

Saa ishirini. Ilikuwa inakaribia adhuhuri ya Jumamosi. Mifuko ingekwisha kesho asubuhi, na baada ya hapo mto ungepita na uchungu wake siku nzima na usiku mzima mpaka fundi aje. Akairudia hesabu tangu mwanzo, safari hii akitumaini kwamba amekosea. Ikatoka ile ile. Akaitazama kama mtu anavyotazama majibu ya daktari. Kisha akamwachia Tarald kahawa kwenye chupa na kipande cha mkate wenye jibini la kahawia, akaivuta meza ndogo karibu na mkono wake wa kushoto, akatoka. Karatasi aliiacha mezani.

Alichukua pipa la plastiki lenye koki kwenye banda la mashua, akalifunga kwa kamba kwenye ukingo, mahali ambapo maji yalipiga mwamba na kuchanganyika. Mifuko ilikuwa bandani, juu kidogo ya ukingo. Aliibeba mmoja mmoja begani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kila mfuko ulimkalia kama mtu mzima aliyelala. Aliuchana kwa kisu, akaumimina pipani, akajaza maji kwa ndoo, akakoroga kwa kasia la mashua, akafungua koki. Maziwa mepesi ya chokaa yakatoka, yakaingia mtoni, yakapotea. Hilo ndilo lililomvunja moyo: yalivyopotea. Hatua mbili tu chini ya pipa, mto ulikuwa mweusi tena kana kwamba hakuna mtu aliyefanya lolote.

Wala hakuwa na njia ya kujua kama inasaidia. Kipimo cha kibandani kilisoma maji kabla ya chokaa. Cha chini, kile kilichokuwa kikisoma baada ya chokaa, kilisombwa na barafu wakati wa baridi na chama kilikuwa bado hakijanunua kingine. Alikuwa akimpa dawa mgonjwa ambaye yeye hawezi kumgusa hata kipaji cha uso.

Chokaa ililowa mvua ikamganda usoni na kwenye nyusi. Akiacha kukoroga, unga ulizama na koki ikaziba, hivyo hakuacha. Saa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mgongo ulianza kumwuma, kisha ukaacha kuuma na kuwa kitu kingine, kama ubao uliofungwa nyuma yake. Akashusha mfuko wa kumi na mbili. Alikaa kwenye matope, akaukumbatia ule mfuko, akajikuta analia bila sauti, akiwa na hasira na hesabu, na Sigbjørn na keki zake, na chama kizima. Mitatu mingine ilikuwa inamsubiri. Halafu mitatu mingine.

Pipa likiwa limejaa, alipanda nyumbani mara moja kumtazama Tarald.

Kiti kilikuwa kitupu.

Alikuwa sakafuni, baina ya dirisha na meza ya chakula, shavu kwenye zulia la plastiki, mguu mfu umekunjika vibaya chini yake. Kahawa ilikuwa imemwagika. Alikuwa ametambaa, ilionekana wazi kwa alama za blanketi, na kwa mkono wake wa kushoto alikuwa ameivuta ile karatasi ya hesabu kutoka mezani. Ilikuwa chini ya kiganja chake, imekunjamana na kulowa.

"Tarald. Tarald, unanisikia? Umeumia wapi?"

"Ndiyo," alisema. Alipojaribu kumgeuza, alitoa mlio ambao Åshild hakuwahi kuusikia kwake. Nyonga. Akamwacha. Akapiga magoti kando yake, akajaribu simu, ikawa bado imekufa.

Tarald aliinua mkono. Vidole viwili.

"Nini? Viwili nini?"

Aliinua vidole tena, akavitikisa mbele ya pua yake.

"Unataka vidonge viwili? Vya maumivu?"

"Ndiyo!" alisema kwa hasira, maana yake hapana. Alipiga karatasi kwa kiganja. Vidole viwili. Karatasi. Vidole viwili.

"Sielewi," Åshild alisema, na sauti yake ikapanda. "Nimekuachia kahawa, nimekuachia mkate, nilikuomba ukae tu. Kukaa tu, Tarald! Mto unakufa, mgongo wangu umekwisha, na wewe unakuja kuvunjika nyonga kwa ajili ya karatasi. Nijigawanye vipi? Niambie. Niambie kwa hilo neno lako moja."

Alijuta kabla maneno hayajamalizika kumtoka. Tarald alifumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na kinyongo, yalikuwa na haraka tu. Akaunyoosha mkono wake mmoja mzima, akamshika mkewe kifundo cha mkono wa kulia, akauvuta ukutane na mkono wa pili wa mkewe, kisha akafungua kiganja chake kile kipana cha mtu wa shoka na kuvishika vifundo vyote viwili kwa pamoja. Akaviminya. Akamtazama.

Mkono mmoja, umeshika miwili.

Åshild alitulia. Alikuwa amekwisha kumwona akifanya hivyo. Si kwake: kwa watoto wa shule, walipoletwa kibandani kila mwisho wa majira ya baridi. Alikuwa akimchagua mmoja mtundu, anamkamata mikono yote miwili kwa kiganja kimoja, watoto wanacheka, naye anasema: hivi ndivyo chokaa inavyofanya. Moja inakamata asidi mbili.

"Mbili," alisema polepole. "Chokaa moja kwa asidi mbili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nusu. Natia nusu tu."

"Ndiyo."

Akasita. Daktari alikuwa amemwambia, kwa upole, kwamba namba zinaweza kuwa zimeondoka pamoja na maneno. Kwamba atakubali lolote. Akamwangalia machoni. "Au niongeze, Tarald? Nitie maradufu?"

"Ndiyo," alisema, na machozi yakamlengalenga, kwa sababu alijua neno lake halina thamani.

Hapo ndipo Åshild alipoogopa kweli kweli. Akitia nusu kwa kumwamini mtu ambaye ubongo wake umejeruhiwa, na ikawa siyo, basi samoni wale watakuwa wameuawa kwa mkono wake mwenyewe. Asipomwamini, chokaa itakwisha kesho, watakufa hata hivyo. Mbele moto, nyuma maji ya asidi.

Akaichukua karatasi iliyolowa, akaigeuza, akatafuta kalamu chini ya kochi. Akaketi sakafuni kando ya kichwa cha mumewe. Kwenye mfuko wa chokaa kulikuwa na herufi, na alikuwa amezitazama siku nzima bila kuziona: CaCO₃. Akaziandika. Kando yake akaandika asidi, H. Akajiuliza, kama vile anauliza doa limetoka wapi kwenye shuka, mwisho wa yote haya kunabaki nini. Kunabaki kalisi, inakwenda na maji. Kunabaki ile hewa inayopanda kama povu la soda. Kunabaki maji.

Maji aliyajua. Maji kila mtu anayajua. H mbili na O moja.

H zinatoka wapi? Kwenye chokaa hakuna hata moja. Alizisoma herufi zile tena, kwa kidole, ili ahakikishe. Hakuna. Basi lazima zitoke kwenye asidi, na kila asidi inatoa moja tu. Ili kuyapata maji yale, chokaa moja lazima imeze asidi mbili. Isingewezekana vinginevyo, hata kama dunia nzima ingepinga.

Mia moja na themanini, si mia tatu na sitini. Kilo kumi na nane, maradufu, thelathini na sita. Mfuko mmoja na nusu.

Tangu adhuhuri alikuwa ametia mara mbili ya kilichotakiwa. Mifuko sita ilikuwa imekwenda bure, na mgongo wake nayo. Iliyobaki bado haikutosha kufika Jumatatu asubuhi, alihesabu, ingepungua masaa machache. Lakini masaa machache siyo siku nzima.

Alishindwa kumnyanyua. Alijaribu mara moja, Tarald akapiga ule mlio, akaacha. Akavuta godoro la chumba cha wageni mpaka sebuleni, akalisukuma chini yake kidogo kidogo, akamfunika kwa duveti, akampa vidonge na maji kwa kijiko. Akabaki amepiga magoti hapo, hajui aanze na kipi. Tarald akaweka kiganja kifuani pa Åshild na kumsukuma. Hakumsukuma kwa upole. Alimsukuma kuelekea mlangoni.

Jioni, mwanga ukiwa bado mpana kama ilivyo mwezi ule, Gjermund alifika ukingoni na trekta lake. Alikuwa amekuja kupitia msituni; barabara ya chini ilikuwa imefunikwa, hakuna gari wala ambulensi iliyoweza kupita. Hakusalimia. Alimpa Åshild mfuko wa mkate. Ndani mlikuwa na samoni wadogo watatu, wa fedha, wamekauka midomo wazi.

"Kwenye kona yangu," alisema. "Wapo na wengine."

Åshild aliwatazama. Mashavu yao yalikuwa na ute mzito. Inawezekana walikufa asubuhi, kabla hajamwaga hata konzi moja. Inawezekana walikufa saa moja iliyopita. Samaki hawaandikwi saa.

"Nilisema tangu zamani," Gjermund alianza.

"Sukari baharini. Najua. Tarald ameanguka, Gjermund. Yuko sakafuni na nyonga yake. Siwezi kumnyanyua."

Gjermund alizima trekta. Alipanda nyumbani, na kwa kutumia mlango wa kabati kama machela, wakamwinua wote wawili mpaka kitandani, Tarald akisema ndiyo, ndiyo, kwa meno yaliyofungwa. Baadaye jikoni Gjermund aliiona karatasi. Aliisoma akisogeza midomo.

"Mchana ulikuwa unatia mitatu. Sasa mmoja na nusu. Kwa sababu yeye kakwambia?" Akainamisha kichwa kuelekea chumbani. "Mtu anayesema ndiyo hata ukimwuliza kama yeye ni farasi?"

"Yeye alinionyesha. Hesabu nimepiga mimi."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea utanionyesha kwenye kona yako."

Gjermund aliirudisha karatasi mezani, akailainisha kwa upande wa ngumi. Alishuka, akaisomba mifuko yote iliyobaki kwa trekta mpaka kando ya pipa. Alisema ni kwa sababu hawezi kumtazama mwanamke akibeba vile, siyo kwamba anaamini lolote.

Usiku ule Åshild aliutumia baina ya pipa na kitanda. Kila lilipokuwa likikaribia kuisha alishuka, akaizibua koki, akamimina, akakoroga, akapanda. Tarald hakulala. Maumivu yalimfanya atoe jasho, na Åshild akamfuta kwa mikono yenye nyufa ambayo chokaa ilikuwa imeanza kuila. Alfajiri alijikuta amesimama mtoni na kasia mkononi bila kujua kama amekwisha mimina au hajamimina, akalazimika kuhesabu mifuko mitupu kwa kuigusa mmoja mmoja. Asubuhi Gjermund alimnyang'anya kasia, akamwambia akalale, na alipoamka kochini na viatu miguuni alikimbia chini akiwa na hakika kwamba Gjermund ameondoka. Alikuwepo. Alikuwa anakoroga, anatukana kwa sauti ya chini, kidogo kidogo, kama mtu anayenong'ona sala.

Jumapili mchana mvua ilikatika. Mto ukaanza kupungua, kwanza ukaacha mstari wa taka kwenye mwamba, kisha mwingine chini yake. Åshild alisoma kipimo cha mkondo, akapiga hesabu upya kwenye ukingo wa mfuko mtupu.  Mfuko mmoja kwa saa ungetosha. Alirudia kuanzia mwanzo, H mbili, asidi mbili, akaridhika, akapunguza. Na kila alipofungua koki moyo ulimpiga upya, kwa sababu maji meusi yalimeza maziwa yale bila kujibu.

Jumatatu mfuko wa mwisho ulikuwa pipani wakati gari la fundi liliposhuka kilima likirusha matope, na nyuma yake ambulensi, na nyuma ya ambulensi Sigbjørn, bado na suruali ya sherehe, ameshika sanduku la keki iliyobaki kana kwamba ndilo lililomleta. Alimtazama Åshild, mweupe kuanzia nywele mpaka buti. Aliuliza samoni wako vipi. Åshild akamwambia hajui. Kwenye kona ya Gjermund walikuwa wameokota ishirini na kitu. Wangapi walipita salama, hakuna aliyejua. Sigbjørn alisema mdomoni mwa mto kuna mtego wa kuhesabia, maji yakishuka vya kutosha watautega, na wiki ijayo watajua. Akaongeza, bila kumtazama, kwamba chama kitakutana. Åshild hakuuliza kitakutana kuhusu nini.

Walimtoa Tarald nje kwa machela. Muuguzi mmoja alimwuliza kama anasikia maumivu makali, Tarald akajibu ndiyo, na safari hii lilikuwa jibu sahihi. Mlangoni aligeuza kichwa kuelekea mtoni. Fundi alikuwa bado anaivunjavunja chokaa ndani ya silo kwa fimbo ya chuma. Mashine ilikuwa kimya. Åshild alimshika mkono, akamwambia anakuja, anaosha mikono tu.

Akashuka ukingoni. Pipa lilikuwa linatoa matone ya mwisho. Alichuchumaa, akaiingiza mikono mtoni, baridi ikauma kwenye kila ufa, na weupe ukamtoka vidoleni, ukaenda. Kwenye jiwe la katikati ya mkondo alitua ndege mdogo wa rangi ya masizi, kifua cheupe, wale wanaotembea chini ya maji wakitafuta wadudu na kuuhama mto ukiingia asidi. Tangu Ijumaa Åshild alikuwa hajamwona hata mmoja. Ndege alichezachezesha mkia, akainama mara mbili kama anayesalimia, akaingia mtoni na maji yakamfunika.

Juu barabarani dereva wa ambulensi alimwita kwa jina. Åshild akainua mkono kumwomba asubiri kidogo, macho kwenye jiwe lile, pale ambapo maji yalikuwa yakipita.